Muundo wa Muungano: uamuliwe na uchaguzi mkuu au kura ya maoni?

Tarehe 2 Aprili 2015, Jaji Damian Lubuva, aliyekuwa Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, alitangaza kuahirishwa kwa kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa (rasimu ya Katiba mpya iliyopitishwa na Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014) iliyokuwa ifanyike Aprili 30, kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa mfumo wa BVR, unaotumia alama za vidole, ulikuwa haujakamilika. Kura hiyo haijafanyika hadi leo. Tangu hapo Watanzania wamekwenda kwenye uchaguzi mkuu mwaka 2015, 2020 na 2025, na suala lililowagawa kuliko yote wajumbe wa Bunge Maalumu la Katiba, yaani Muungano uwe na serikali mbili (ya Muungano na ya Zanzibar) au tatu (pamoja na ya Tanganyika), bado halina jibu lililotoka kwa wananchi wenyewe. Wapo wanaosema hakuna haja ya kura nyingine, kwa kuwa chama kinachoshinda uchaguzi mkuu kimekwisha kupewa ridhaa ya kuamua. Wapo wanaosema jambo la namna hii haliwezi kuhalalishwa na chochote isipokuwa kura ya maoni. Pande zote mbili zina hoja, ingawa naamini hazilingani uzito.

Anayetetea uchaguzi mkuu na maamuzi ya wawakilishi anaweza kuanzia kwenye historia yetu wenyewe. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikusanya maoni ya wananchi kuhusu mfumo wa vyama, na takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka kirekebishwe. Tume haikuwahesabu watu na kuishia hapo. Iliona kwamba asilimia 20 waliotaka vyama vingi hawapaswi kupuuzwa, ikapendekeza mfumo huo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa bungeni. Kama swali lile lingepelekwa kwenye kura ya ndiyo au hapana, vyama vingi vingekataliwa na wachache wangenyamazishwa kwa utaratibu ulio halali kabisa. Hapo ndipo penye nguvu ya uwakilishi: unaruhusu hoja ipimwe, irekebishwe na izingatie hata wale wasio na wingi. (Ni kweli pia kwamba Bunge lile lilikuwa la chama kimoja, hivyo busara ile ilitegemea viongozi waliokuwapo kuliko utaratibu wenyewe.)

Uganda inatoa onyo jingine. Juni 2000 wananchi waliulizwa kama wanataka kuendelea na mfumo wa Movement usioruhusu vyama kushindana, na takribani asilimia 91 ya waliopiga kura wakasema ndiyo. Julai 2005 waliulizwa kama wanataka vyama virudi, na zaidi ya asilimia 92 wakakubali. Nchi ni ile ile, rais ni yule yule, na mara zote mbili jibu lililoshinda lilikuwa lile lililotakiwa na serikali iliyopo madarakani. Mwaka 2005 hata nusu ya waliojiandikisha hawakujitokeza. Kura ya maoni inayoitishwa na mtawala kwa wakati wake na kwa swali lake mara nyingi huishia kugonga muhuri uamuzi aliokwisha kuufanya.

Hata hivyo, uchaguzi mkuu nao hauwezi kubeba mzigo unaotakiwa kubebeshwa. Karatasi ya kura ya urais ina majina na picha, haina maswali. Mpiga kura anayemchagua diwani kwa sababu ya kisima, mbunge kwa sababu ya barabara na rais kwa sababu anamwamini kupambana na rushwa hajasema lolote kuhusu muundo wa Muungano. Mwaka 2015 ndio mfano ulio wazi zaidi. Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, ulizaliwa ndani ya Bunge Maalumu kutetea rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba iliyopendekeza serikali tatu, na Aprili 2014 wajumbe wake wakatoka nje ya ukumbi. Mwaka mmoja na nusu baadaye, mgombea wao wa urais alikuwa Edward Lowassa, ambaye siku wanatoka alikuwa bado mwana CCM, chama tawala. Kampeni zikawa za Lowassa na John Magufuli wa CCM. Magufuli alipata asilimia 58 na Lowassa karibu 40, na hakuna anayeweza kusema kwa haki ni wangapi kati yao walitaka serikali mbili na wangapi tatu. Rais Magufuli mwenyewe baadaye alieleza kwamba Katiba mpya haikuwa jambo aliloliahidi kwenye kampeni. Kwa maneno mengine, mshindi mwenyewe hakudai ridhaa ambayo wengine wanadai kwa niaba ya washindi.

Kisha lipo sharti la msingi ambalo watetezi wa uchaguzi mkuu hulipita haraka mno: ili uchaguzi uamue suala linalogawa watu, pande zote za suala hilo lazima ziwepo kwenye karatasi ya kura. Oktoba 29, 2025 Chadema, chama kikuu cha upinzani Tanzania Bara, hakikuwepo, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu akikabiliwa na kesi ya uhaini. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98, na nchi ikaingia kwenye maandamano na vifo. Matokeo ya namna hiyo yanaweza kumpa mtu madaraka, lakini hayawezi kuwa jibu la swali ambalo upande mmoja haukuruhusiwa kulijibu.

Twende Zanzibar, mahali ambapo njia zote mbili zimejaribiwa kwenye jeraha moja. Uchaguzi wa 1995, 2000 na 2005 kila mmoja uliacha mgogoro kati ya CCM na chama cha upinzani cha CUF, na Januari 2001 watu waliuawa Pemba na wengine wakavuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Uchaguzi ulikuwa ndio chanzo cha ugomvi, basi ungewezaje kuwa suluhu? Njia ilifunguka Novemba 2009, Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walipokutana Ikulu. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi likapitisha hoja ya Abubakar Khamis Bakary, aliyekuwa kiongozi wa upinzani barazani, na Julai 31 wananchi wakaulizwa kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66 wakakubali. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulikwisha kwa tofauti ya kama asilimia moja tu kati ya Dk Ali Mohamed Shein wa CCM na Maalim Seif, tofauti ambayo miaka ya nyuma ingezua balaa, lakini safari hii Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Wapo wanaosema kura ile haikuzaa kitu cha kudumu, kwa sababu mwaka 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi na CUF ikasusia ule wa marudio wa Machi 2016. Siikubali hoja hiyo yote. Kura ya maoni haikuweza kuilinda tume ya uchaguzi na maamuzi yake, hilo ni kweli. Lakini mwaka 2020, baada ya uchaguzi mwingine uliomwaga damu, mlango wa kurudi kwenye serikali ya pamoja ulikuwapo ndani ya Katiba ya Zanzibar, na Maalim Seif, akiwa sasa katika chama cha ACT-Wazalendo, aliupitia bila kusubiri hisani ya aliye madarakani. Kilichoidhinishwa na wananchi kilidumu kuliko mioyo ya wanasiasa.

Kenya inathibitisha kwamba kilichoiokoa Zanzibar ni maridhiano yaliyotangulia kura, wala si kura peke yake. Novemba 2005 viongozi walikwenda kwenye kura ya maoni wakiwa wamegawanyika, ndizi kwa wanaounga mkono rasimu na chungwa kwa wanaoipinga. Chungwa likashinda kwa asilimia 58, Rais Kibaki akavunja baraza lake la mawaziri, na kambi zile zile zikaingia kwenye uchaguzi wa 2007 ulioishia kwa vifo vya zaidi ya watu 1,100. Agosti 2010, baada ya Kibaki na Raila Odinga kusimama upande mmoja, rasimu nyingine ilipita kwa zaidi ya theluthi mbili. Aliyeongoza upande wa kupinga, William Ruto, amekuja kuwa naibu wa rais na kisha rais chini ya Katiba ile ile.

Kwa Tanzania, hoja inayonishawishi zaidi ni ya hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 59,851,347 Tanzania Bara na 1,889,773 Zanzibar. Katika uchaguzi wa Rais wa Muungano kura hizo hutiwa kapu moja, na sauti ya Zanzibar nzima inaweza kumezwa na ya mkoa mmoja mkubwa wa Bara. Sheria iliyokuwa isimamie kura ya maoni ilitaka wingi Bara na wingi Zanzibar, kila upande peke yake. Wapo Wabara wanaoona si haki watu wapatao asilimia 3 hivi kuzuia matakwa ya waliobaki, nami naelewa uchungu wao, lakini Muungano wa 1964 ulikuwa wa nchi mbili, na mkataba hauwezi kuandikwa upya kwa wingi wa upande mmoja. Oktoba 2014 Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alipiga kura ya wazi ndani ya Bunge Maalumu kukataa baadhi ya ibara, na siku chache baadaye akaondolewa kwenye wadhifa wake. Wananchi wa kawaida wanaopiga kura ya siri hawawezi kufukuzwa hivyo.

Lakini kura ya 2015, hata kama ingefanyika, ingekuwa na kasoro kubwa. Mwananchi angepewa kitabu chenye ibara karibu 300 na kutakiwa aseme ndiyo au hapana kwa vyote. Mkulima aliyefurahia ibara za ardhi na mwanamke aliyefurahia usawa wa viti bungeni wangelazimika kukubali pia serikali mbili hata kama hawazitaki, na mwenye kutaka serikali tatu angelazimika kuyakataa mema yote yaliyobaki. Ndiyo maana naona swali la muundo wa Muungano liulizwe peke yake, kabla rasimu nyingine haijaandikwa, katika mwaka usio wa uchaguzi, kwa daftari ambalo vyama vyote vimelikagua, na baada ya CCM, Chadema na ACT-Wazalendo kukubaliana kwa maandishi kuhusu maneno ya swali hilo na kwamba watayaheshimu matokeo. Bila makubaliano hayo, kura ya maoni itaturudisha kwenye ndizi na chungwa.