Daktari, muulize anaingia kazini saa ngapi

Mgonjwa wa akili akiacha dawa, ndugu huambiwa "mgonjwa wenu mbishi". Mara nyingi si ubishi. Fundi cherehani aliyeanzishiwa haloperidol, dawa ya magonjwa makali ya akili, anaweza kutetemeka mikono mpaka uzi haupiti kwenye tundu la sindano, na mteja mwenye harusi Jumamosi hamsubiri. Dawa inaachwa, cherehani inabaki. Angeulizwa mapema anafanya kazi gani, dozi ingepunguzwa au dawa ingebadilishwa.

Dereva wa bodaboda naye, dawa ya kusinzisha anywe akishapaki pikipiki usiku. Mwenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, akipangiwa shifti za usiku mfululizo, kukosa usingizi tu kunaweza kuuamsha ugonjwa. Barua fupi ya daktari ya kuomba apangiwe mchana, kwangu mimi, ni tiba kama vidonge.

Walioajiriwa wana kinga ambayo wengi hawaitumii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, zilizobaki kwa nusu. Lakini mtu anaona heri apotee tu kazini, akirudi akute barua ya utoro. Anaogopa ED, ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazini. Yenye muhuri wa kitengo cha magonjwa ya akili ikifika masijala asubuhi, hadi saa sita ofisi nzima inajua, na utani wa "huyu wa Mirembe", yaani wa hospitali ya magonjwa ya akili, umeanza. Sioni kwa nini ED itaje ugonjwa. Itaje tarehe ya kurudi, na kwamba wiki za mwanzo apewe kazi nyepesi au nusu siku.

Marekani, tangu miaka ya 1990, zipo kliniki zenye mtaalamu wa ajira ndani ya timu ya matibabu. Sisi tuna maafisa ustawi wa jamii, ila tunawaita bili ikishindikana kulipwa! Mgonjwa akiridhia, wangempigia bosi simu.

Halafu siku za kliniki. Anayeomba ruhusa kila mwezi kwenda kupanga foleni tangu alfajiri, wenzake watamtungia sababu. Aliyetulia apewe dawa za miezi miwili mitatu, pale zinapopatikana. Wenye VVU waliotulia wanapewa za miezi kadhaa kwa mpigo, siku nyingi sasa.