Usiligandishe Jua Ukutani

Juma lililopita nilipakua modeli ya kompyuta ya Beit el Ajaib, jumba la kihistoria la Zanzibar, nikaiweka katika FlightGear, programu ya kuigiza urushaji wa ndege (simuleta), kisha nikaja na Cessna 172 kutokea baharini yapata saa kumi na moja na nusu jioni. Jua lilikuwa nyuma ya mkia wa ndege, likiupiga uso wa jumba moja kwa moja, na nguzo zilipaswa kuwaka rangi ya dhahabu. Badala yake, chini ya kila roshani palikuwa na utepe mweusi: kivuli cha mchana kilichopigwa picha na kubandikwa ukutani. Nilikatiza safari, na hasira yangu haijapoa.

Simuleta hukokotoa mwanga na vivuli yenyewe kulingana na saa na majira. Picha tunayoifunikia modeli inapaswa kuipa rangi ya chokaa, mbao na kutu, basi. Ukiiacha ibebe kivuli chake, jengo linakuwa na majua mawili yanayogombana, na jicho hulitambua kosa hilo hata kabla rubani hajajua kinachomsumbua.

Wengi hudhani kivuli kitafutwa baadaye katika GIMP, programu ya kuhariri picha. Nilijaribu hivyo kwa nyumba moja ya mtaa wa Shangani, Zanzibar, nikapoteza jioni tatu: kila nilipoliangaza eneo lenye giza, zilijitokeza chengachenga za rangi, na ukuta ukabaki na ubuluu, kwa kuwa kivulini ni mwanga wa anga pekee unaofika. Dawa ni kuchagua saa ya kupiga. Uso wa Beit el Ajaib unaelekea baharini, magharibi, kwa hiyo asubuhi wote umo kivulini, umetulia, bila mstari mkali hata mmoja. Ubuluu ulioenea sawasawa picha nzima hurekebishwa kwa hatua moja. Ulioenea nusu ukuta hukutesa. Kwa kuta za mashariki, subiri alasiri, au siku ya mawingu mazito wakati wa masika.

Mengine ni ya kawaida: simama mbali na utumie lenzi ndefu ili kuta zisiegemee, nyoosha mistari, futa watu na pikipiki, kisha hifadhi kwa vipimo kama pikseli 1024 au 2048.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba paa la nyumba linaloonekana kutoka futi 5,000 halihitaji uangalifu huu. Nakubali pia kwamba Beit el Ajaib yenyewe ina udhuru wake. Jumba hilo lililojengwa mwaka 1883 liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, pamoja na mnara wake wa saa, na anayetaka kulionyesha kama lilivyokuwa hana budi kutumia picha za zamani, ambazo nyingi zilipigwa juani. Hata hivyo, katika picha hizo hizo kuna vipande vya ukuta visivyoguswa na kivuli. Nimeanza kuvikata kimoja kimoja, kila kimoja hakizidi upana wa dirisha, na kuujenga upya uso wote kwa chokaa yake yenyewe. Hadi sasa nimemaliza ghorofa ya chini.