Shangazi Hakuwa Mchafu

Siku ya tisa baada ya shangazi kukatwa titi la kushoto kwa saratani, maji kwenye kichupa kinachopokea majimaji ya kidonda yalibadilika. Yalianza mekundu, yakawa ya njano kama chai ya rangi iliyopauka, na asubuhi ile yakaamka mazito, yenye ukungu. Mshono karibu na kwapa ulikuwa umevimba na unachoma ukiugusa. Tukarudi hospitali. Nesi akafunua bandeji, akaguna, akamuuliza wodi nzima ikisikia: "Mama, ulikuwa unaoga kweli?"

Siku ya kuamkia upasuaji shangazi alioga mara tatu. Maji nilimpelekea mimi. Hakujibu kitu, alivuta kanga akajifunika hadi shingoni.

Swali lile lilikuwa uonevu, na najua wanawake wengi wameulizwa. Vijia vya maziwa vinaanzia ndani ya titi na kufunguka kwenye chuchu, kwa hiyo titi halijawahi kuwa chombo kilichofungwa. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya kupima nyama ya ndani ya matiti ya wanawake 81 wa Kanada na Ireland. Walikuta bakteria kwa wenye saratani na kwa wasio nayo, wakiwemo jamaa wa stafilokokasi tunaoishi nao ngozini kila siku. Kuoga kabla ya upasuaji kunasaidia, na kila mgonjwa aoge. Lakini wale wa ndani sabuni haiwafikii.

Madaktari huuita upasuaji wa titi upasuaji safi, maana kisu hakigusi utumbo wala usaha. Hata hivyo vidonda vya titi huoza mara nyingi kuliko jina hilo linavyoahidi. Titi likiondolewa linaacha uwazi chini ya ngozi, maji yanajikusanya humo, mpira wa kuyatoa unakaa siku kadhaa, na ngozi iliyobaki inapata damu kidogo. Mgonjwa akiwa na kisukari, kama shangazi, hatari inapanda zaidi.

Ndiyo maana dawa ya kuua bakteria, yaani antibiotiki, inatakiwa iwe tayari kwenye damu kisu kinapogusa ngozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka antibiotiki ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kukata, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha. Shangazi alitoka wodini na vidonge vya siku saba. Sindano ya kabla ya kisu haikuandikwa popote kwenye faili lake; nililisoma ukurasa kwa ukurasa.

Tusiambiwe haiwezekani kwetu. Hospitali ya Thika, Kenya, ilihamisha dawa kutoka baada ya upasuaji kwenda kabla. Wiki ya kwanza wagonjwa 60 kati ya 100 walipata kwa utaratibu mpya, wiki ya sita wakafika 98, na maambukizi ya juujuu kwenye vidonda yakapungua.

Kuna na wembe. Shangazi aliambiwa aje amenyoa kwapa. Mwongozo uleule unakataza kunyoa kwa wembe: nywele ziachwe, na zikilazimu kutolewa zipunguzwe kwa mashine. Wembe unaacha michubuko isiyoonekana kwa macho, na bakteria hujaa humo. Wembe ule nilinunua mimi, duka la jirani, nikiamini namsaidia.

Matibabu ya mionzi yalisubiri kidonda kikauke. Wiki tano. Kwa mgonjwa wa saratani hizo ni wiki za kulala macho, na hakuna aliyerudi kumwambia shangazi kwamba kosa halikuwa lake.

Nimemweleza haya yote mara mbili, taratibu, tukiwa jikoni. Anaitikia kwa kichwa. Lakini kesho ana kliniki, na jioni hii ameshaniomba ndoo ya tatu ya maji.