Wavu ni wa mtu, samaki ni wa wote

Wavu wa nailoni ukiungua kwa petroli hutoa moshi mweusi, na harufu yake hukaa kwenye nguo siku mbili. Niliinusa kwenye mwalo mmoja, yaani forodha ya wavuvi, wa Ukerewe katika Ziwa Victoria mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu. Kikosi cha doria kilikuwa kimekusanya nyavu za wavuvi kadhaa, za shemeji yangu zikiwemo, kikazimwagia petroli. Shemeji alikuwa akirudia neno moja tu: zipimwe tena. Rula ilionyesha matundu yamepungua robo inchi. Yeye alishikilia kwamba wavu ukikaa majini miezi husinyaa, na kwamba dukani alinunua wa kipimo halali. Huenda alisema kweli, huenda hakusema. Moto ulipozimika hapakuwa na kitu cha kupima.

Naanza na hilo, ila serikali ina hoja nzito. Kokoro, wavu mrefu wa kukokota, likivutwa kuelekea ufukweni linakomba kila kitu, na huko kwenye maji mafupi ndiko sato wanakozalia. Jike lake huatamia mayai mdomoni, kwa hiyo ukilinasa umenasa na kizazi chake. Timba nayo, wavu wa uzi mmoja wa plastiki, haiozi: ikikatika na kupotea, inaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewapandisha mtumbwini. Anayetumia zana hizi havui fungu lake peke yake, anavua na la jirani. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili, na anayesema ziwa ni la Mungu aachwe avue atakavyo simuungi mkono hata kidogo. Tena kwenye mialo tunajuana. Mwenye kokoro tunamjua, na anayepigiwa simu doria ikikaribia tunamjua pia.

Sheria siipingi. Napinga kuchanganya vitu viwili vyenye wenyewe tofauti. Samaki aliye majini ni wetu sote, serikali inamsimamia kwa niaba yetu. Wavu una mwenyewe. Umenunuliwa kwa mkopo wa tajiri au kwa ng'ombe aliyeuzwa. Ibara ya 24 inalinda mali hiyo. Ibara ya 13 inampa mtuhumiwa haki ya kusikilizwa, na inakataza kumtendea kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Ofisa ana mamlaka ya kukamata, sawa. Lakini wavu ukishakamatwa umetoka majini, haunasi tena. Samaki yuko salama tangu dakika hiyo, na moto wa papo hapo haumwongezei chochote. Unachoteketeza ni ushahidi, na nafasi ya mtu kujitetea.

Jibu la upande wa pili nililisikia kwa ofisa mmoja, na si la kupuuza. Nyavu zikiwekwa stoo, alisema, zinatokea mlango wa nyuma na kurudi ziwani. Wavu ule ule unakamatwa mara mbili. Namwamini. Lakini tazama hoja hiyo inatupeleka wapi. Hatumwamini mtumishi kutunza kielelezo stoo, halafu tunamwamini kupima, kuhukumu na kuwasha kiberiti, yote asubuhi moja, bila hakimu. Kama ufunguo wa stoo ni mzigo mkubwa kwake, mamlaka ya moto ni makubwa zaidi.

Na dawa yake haina gharama. Wavu upimwe mbele ya mwenyewe na mjumbe wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo. Kikatwe kipande cha urefu wa mkono, kifungwe na karatasi yenye sahihi zao wote, kipelekwe kwa hakimu. Uliobaki ukae chini ya ulinzi kwa siku chache, na hakimu akishaamua, uchomwe mchana kweupe. Mkosaji hatapata pa kulalamikia, na asiye na kosa atakuwa na cha kuonyesha.

Mwaka huo huo wa 2018, mwezi Juni, maofisa wa uvuvi waliingia na rula kwenye kantini ya Bunge kule Dodoma, wakapima samaki waliokwisha kupikwa. Suala hilo lilizua mjadala bungeni. Nililifurahia, kwa sababu waheshimiwa walionja kidogo. Ila wao walikuwa na mahali pa kusemea. Mvuvi wa visiwa vya Ukara au Kome angesimama wapi?

Mkanda wa mita 60 kando ya ziwa ambamo hairuhusiwi kujenga, uliowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, una ugonjwa wa aina hiyo hiyo. Kusudi lake ni zuri, sina ubishi. Lakini kibanda kilichokuwepo kabla ya sheria hakiwezi kutendewa sawa na hoteli iliyojengwa mwaka jana, na mwenye kibanda ana haki ya kusikilizwa kabla alama ya X ya kubomolewa haijachorwa ukutani kwake.

Narudi mwaloni. Ninachokililia si robo inchi ile. Pengine rula ilisema kweli na shemeji alistahili faini. Nalilia kwamba hadi leo, si yeye wala ofisa aliyempimia wavu anayeweza kuthibitisha. Sasa anavua kwenye mtumbwi wa mtu kwa mgao. Nyuma ya nyumba yake yananing'inia maboya aliyowahi kuyakata kabla petroli haijamwagwa, na mtoto wake mdogo huyachezea.