Mgonjwa wa Nyumbani Asisahauliwe Mezani pa Bwana

Mtu akilala kitandani mwezi mzima, wanajumuiya hupanga zamu. Huyu huleta uji, yule supu, mwingine hufua mashuka. Ni jambo jema kabisa. Lakini uliza mgonjwa huyo amekomunika, yaani amepokea Ekaristi, lini mara ya mwisho, wenye nyumba watatazamana. Naliona hilo ni pengo kubwa katika parokia nyingi, na mara nyingi si uhaba wa mapadre unaolileta. Hakuna aliyepeleka jina.

Halafu kuna mazoea ya kumwita padre usiku wa mwisho ili "aje ampake mafuta". Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya kusubiri roho ikatike. Hutolewa tangu muumini anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, na hurudiwa hali ikizidi kuwa mbaya. Sakramenti ya mwisho ya Mkristo ni Ekaristi yenyewe, Viatikum, yaani masurufu ya safari. Utaratibu kamili ni Kitubio (kuungama dhambi), kisha Mpako, kisha Komunyo. Tukingoja mpaka fahamu zimepotea, padre ataweza kumpaka, ila hataweza kumlisha. Nabii Eliya alipolala chini ya mti wa mretemu akiomba afe, malaika alimwamsha ale, tena mara mbili, kabla ya safari ya siku 40 hadi mlima Horebu. Alilishwa angali na uwezo wa kutafuna.

Kwa hiyo mwenyekiti wa jumuiya apeleke jina mapema kwa katekista au kwa paroko, aeleze mambo matatu: mgonjwa anameza au hamezi, anataka kuungama au la, na saa ngapi huwa macho. La kuungama ni muhimu, kwa sababu mlei (muumini wa kawaida asiye padre) mwenye ruhusa ya kugawa Komunyo, huduma ambayo Roma iliifungulia njia mwaka 1973, hawezi kuungamisha wala kupaka mafuta. Akitumwa yeye kwa mgonjwa anayehitaji Kitubio, safari itabidi irudiwe na padre.

Nyumbani tandika meza ndogo karibu na kitanda, kitambaa cheupe safi, msalaba, mishumaa miwili, maji ya baraka kama yapo, glasi ya maji ya kunywa na kijiko. Zima redio na televisheni. Anayebeba Ekaristi huja moja kwa moja kutoka kanisani, chombo kikiwa kimefungwa vizuri kifuani. Si wakati wa kumsimamisha getini kwa habari za mtaa.

Kinachoharibika mara nyingi ni kumeza. Dawa na homa hukausha kinywa, hostia (mkate mwembamba wa Komunyo) ikiwa nzima hunata kwenye kaakaa, mgonjwa anapaliwa, na siku nyingine anaogopa kupokea. Mpe kijiko cha maji kwanza, kisha kipande kidogo cha hostia, hata cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kisha maji tena. Kristo yumo mzima katika kipande hicho. Asiyeweza kabisa kumeza kigumu anaruhusiwa kupokea Damu ya Kristo peke yake, yaani divai iliyogeuzwa katika Misa, matone machache kwa kijiko. Hilo huhitaji kupangwa na padre kabla ya Misa. Akitema, hostia haitupwi: hutiwa katika maji safi mpaka iyeyuke, na mhudumu huyarudisha kanisani ili yamwagwe mahali pake. Anayetapika mfululizo ni afadhali angoje atulie.

Wengi hukataa Komunyo wakisema, "Nimeshakunywa uji." Saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haiwabani wazee na wagonjwa, wala wanaowauguza. Maji na dawa havivunji mfungo wa mtu yeyote. Na aliye katika hatari ya kufa anaweza kupokea Viatikum hata kama alishakomunika siku hiyohiyo. Hatari ikiendelea, apewe tena siku zinazofuata. Kabla ya kupokea, mgonjwa akiweza hurudia ahadi za ubatizo. Aliyebatizwa akiwa mchanga, wazazi wakamjibia, sasa anajibu mwenyewe kwa sauti yake dhaifu. Sijui ibada nyingine fupi yenye uzito kama huo.

Mtoto mgonjwa mahututi naye asirukwe kwa kuwa hajamaliza mafundisho. Akitambua kwamba huu ni Mwili wa Kristo na si chakula cha kawaida, na akaweza kuupokea kwa heshima, inatosha.

Mtu anayemuuguza, ambaye huenda amekosa Misa Jumapili kadhaa kwa sababu ya kitanda hicho, anaweza kukomunika pamoja na mgonjwa katika ibada hiyohiyo. Mtajeni naye mnapopeleka jina, ili hostia zibebwe za kutosha.