Helikopta za Uokoaji za Kanada: Kukarabati za Zamani au Kuanza Upya?

Desemba 2022 serikali ya Kanada ilitia saini na kampuni ya Leonardo, mtengenezaji wa helikopta hizo, mkataba wa dola bilioni 1.24 za Kanada, ili helikopta 13 za uokoaji aina ya Cormorant zifumuliwe na kusukwa upya, na nyingine tatu za aina hiyohiyo ziongezwe juu yake. Mifumo ya chumba cha marubani iliyosanifiwa miaka ya 1990 inaondolewa, injini tatu za kila helikopta zinabadilishwa kwa zenye nguvu zaidi, rada nayo ni mpya, na kwa hesabu ya serikali mashine hizo zitaruka walau hadi mwaka 2042. Ukigawa fedha hizo kwa helikopta 16 unapata dola milioni 77 na nusu kwa kila moja. Mgawanyo huo hauwatendei haki wahandisi, kwa kuwa gharama za usanifu na majaribio ni zilezile ziwe helikopta mbili au ishirini, lakini mlipa kodi hawezi kulaumiwa akiuliza: kwa bei hiyo, kwa nini tusinunue mpya?

Swali hilo halijibiki bila kurudi nyuma miaka 30. Serikali ya waziri mkuu Brian Mulroney iliagiza helikopta za EH101, ambazo ndizo mama wa Cormorant, kwa ajili ya jeshi la majini na kwa ajili ya uokoaji. Katika kampeni ya uchaguzi ya mwaka 1993 kiongozi wa upinzani, Jean Chrétien, alizigeuza kuwa mtaji wa kisiasa: akazifananisha na Cadillac, gari la kifahari lisilofaa kwa nchi yenye madeni, na akaahidi kuufuta mkataba. Aliposhika madaraka Novemba mwaka huo aliufuta kweli. Kuvunja mkataba huo kuliigharimu hazina takriban dola nusu bilioni, ambazo hazikununua hata helikopta moja.

Wakati siasa zikiendelea, waokoaji waliendelea kuruka na Labrador, helikopta zilizoanza kazi miaka ya 1960. Januari 1998 serikali ileile ya Chrétien ilitangaza kwamba mshindi wa zabuni mpya ya uokoaji ni ndege ileile iliyokataliwa, safari hii 15 kwa dola milioni 790 na kwa jina jipya la Cormorant. Miezi tisa baadaye, Oktoba 2, Labrador moja ilianguka karibu na Marsoui, mkoani Quebec, na wote sita waliokuwemo wakafa. Sitasema kwamba uamuzi wa 1993 ndio uliowaua. Hilo haliwezi kuthibitishwa. Ninachoweza kusema ni kwamba siku hiyo walikuwa ndani ya mashine iliyopaswa kuwa imestaafu, huku ya kuirithi ikiwa bado haijafika.

Hata Cormorant zenyewe zilipofika, hesabu ilikuwa ya kubana tangu mwanzo. Nyufa katika sehemu za rota ya mkiani zilizilazimisha kuruka kwa masharti, vipuri vilikuwa adimu, na kituo cha Trenton, mkoani Ontario, kikanyang'anywa Cormorant zake ili vituo vya Comox, Greenwood na Gander viwe na za kutosha. Trenton ikabaki na Griffon, helikopta ndogo ambayo haifiki mbali na haikuundwa kuruka penye barafu. Julai 2006 Cormorant moja ilianguka baharini karibu na Canso wakati wa mazoezi ya usiku, na watatu kati ya saba waliokuwemo wakafariki. Nyingine iliharibika mazoezini huko Gander Machi 2022. Ndivyo 15 zilivyogeuka 13.

Mwaka 2011 Kanada ilinunua kwa dola milioni 164 mabaki ya mradi wa Marekani wa kumtengenezea rais helikopta mpya, mradi ambao Washington iliufuta mwaka 2009 baada ya gharama kupaa. Yalikuwa maboma (yaani miili) tisa ya helikopta hizo, zilizoitwa VH-71, ndugu wa damu wa Cormorant, pamoja na shehena ya vipuri. Nchi iliyoikataa ndege hii kwa kuwa ni ya kifahari ikaja kuihudumia kwa vipuri vilivyokusudiwa kumbeba rais wa Marekani. Baadaye wizara ya ulinzi ilifikiria kuyageuza maboma saba kati ya hayo kuwa helikopta kamili, ili kundi lifike 21, lakini bei ya Leonardo ilipotua mezani mpango huo ukapunguzwa hadi 16.

Wanaotetea ukarabati wana hoja yenye uzito. Boma la Cormorant bado ni imara. Injini tatu si anasa kwa mtu anayeelea hewani juu ya Atlantiki usiku, mkono wa winchi umetoka nje, mwokoaji mwenye sare ya chungwa akining'inia juu ya sitaha ya meli inayoyumba. Injini moja ikizimika hapo, rubani mwenye mbili zilizobaki ana nafasi ya kumvuta mwenzake badala ya kumkatia waya. Marubani na mafundi wanaijua tayari, karakana ya IMP huko Halifax, inayoihudumia, inaijua, na muundo unaofuatwa umeshajaribiwa na Norwei. Kununua aina nyingine kungemaanisha mafunzo upya, vipuri upya, na miaka ya majadiliano katika nchi ambayo ununuzi wa helikopta una historia ya kutisha: Sea King za jeshi la majini, ambazo mkataba uleule uliofutwa mwaka 1993 ulikusudiwa kuzibadilisha, zilistaafu mwaka 2018 baada ya miaka 55 kazini.

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Mtengenezaji pekee anayeweza kukarabati mashine yake ndiye anayepanga bei, na mnunuzi asiye na pa kwenda hana cha kumtishia nacho. Kampuni ya Sikorsky ililalamika wazi kwamba haikupewa nafasi ya kushindana kwa helikopta yake ya S-92. Malalamiko ya mfanyabiashara hayana budi kusikilizwa kwa tahadhari, lakini kushuka kutoka 21 hadi 16 kunaonyesha kwamba bei ndiyo iliyokata idadi, na idadi ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa Cormorant tangu siku ya kwanza. Helikopta nzuri iliyo karakana haimwokoi mtu.

Wengine hutaja Uingereza, ambako wanajeshi waliondolewa kabisa katika kazi hii. Mwaka 2013 serikali iliipa kampuni ya Bristow mkataba wa miaka 10 wa pauni bilioni 1.6, na kuanzia Aprili 2015 helikopta za kiraia zikapokea kazi ya Sea King za jeshi. Mfumo huo umefanya kazi, na serikali imerudi kwa Bristow kwa awamu ya pili. Hata hivyo eneo ambalo Kanada inawajibika nalo ni kilomita za mraba milioni 18, sehemu kubwa yake bila mji, bila mafuta na bila uwanja, na hakuna kampuni itakayoweka bei ndogo kwa eneo kama hilo. Somo la Norwei linanivutia zaidi. Huko jeshi la anga ndilo linaloruka, lakini helikopta 16 mpya za mwaka 2013, zilizogharimu zaidi ya yuro bilioni moja, zilinunuliwa kwa bajeti ya wizara ya sheria. Uokoaji haukupangwa foleni moja na ndege za kivita. (Hata wao hawakukosa kero: upepo unaosukumwa chini na rota za helikopta hizo ni mkali mno kwa baadhi ya viwanja vya hospitali.)

Binafsi naona uamuzi wa 2022 unatetewa, lakini kama uamuzi wa mtu aliyejibana kwenye kona mwenyewe. Lawama yangu kwake iko mahali pengine. Machi 12, 2009, helikopta ya kiraia iliyokuwa ikipeleka wafanyakazi kwenye visima vya mafuta ilianguka baharini mashariki ya Newfoundland baada ya giaboksi yake kuvuja mafuta. Kati ya watu 18, mmoja tu alinusurika, na aliopolewa na helikopta ya kampuni hiyohiyo baada ya kukaa majini zaidi ya saa moja. Cormorant za Gander, kituo cha Newfoundland, zilikuwa Sydney, mkoani Nova Scotia, kwa mazoezi. Uchunguzi ulioongozwa na Robert Wells ulipendekeza helikopta ya dharura ya huko iwe tayari kuondoka ndani ya dakika 15 hadi 20, na gharama hiyo ikaangukia makampuni ya mafuta.

Jeshi lenyewe linabaki na kipimo kingine: dakika 30 kwa saa 40 za wiki, na saa mbili kwa muda wote uliobaki. Makamanda huweza kuzihamisha saa hizo 40 kufuata misimu ya uvuvi na utalii, ila haziongezeki. Kuziongeza kunadai marubani, mafundi na waokoaji wengi zaidi katika kila kituo, na mwaka 2013 mkaguzi mkuu wa serikali alikuta jeshi likiwa na upungufu wa watu hao na wa ndege pia. Injini mpya itafika haraka kidogo kwenye tukio. Lakini mvuvi ambaye mashua yake inaingiza maji usiku wa Jumapili ataendelea kusubiri hadi saa mbili kabla injini hizo tatu mpya hazijainuka ardhini, na kuupunguza muda huo si sehemu ya ile bilioni 1.24.