Picha Safi, Mkono Bado Unauma

Bodaboda ikiteleza kwenye tope la Kibosho, abiria hutanguliza kiganja. Anafika hospitali mkono umevimba kidogo, anapigwa eksirei, picha inaangaliwa, anaambiwa: "Hujavunjika, umeteguka tu." Anapewa diklofenaki za siku tano, na jioni shangazi anamchua kwa mafuta ya moto. Miezi mitatu baadaye hawezi kukamua shuka wala kubeba mkungu wa ndizi.

Mashine haikudanganya. Yenyewe ilionyesha kwamba kwenye picha ile, kwa siku ile, ufa hauonekani. Neno "hujavunjika" limeongezwa na binadamu, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu mikono ya watu wengi wenye nguvu za kufanya kazi.

Eksirei hutofautisha vitu kwa jinsi vinavyozuia mionzi. Kalisi (kalsiamu) ya mfupa huizuia sana, mfupa ukatoka mweupe. Hewa ya mapafu huipitisha, ikatoka nyeusi. Misuli, kano na gegedu (tishu nyumbufu kama ya sikio) hutoka kijivu kile kile. Kwa hiyo kano ya goti inaweza kukatika kabisa uwanjani na picha ya goti ikatoka safi. Hata mfupa wenyewe hauna uhakika: ufa mwembamba huonekana mionzi ikipita sambamba nao, lakini ikiukata kwa upande, mfupa mzima unaufunika. Ndiyo maana jeraha hupigwa angalau picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Mfupa mrefu ukivunjika, kiungo cha juu na cha chini yake viingie pia kwenye picha.

Turudi kwa yule abiria. Kwenye kifundo cha mkono kuna mfupa mdogo unaoitwa skafoidi, ukubwa na umbo kama korosho. Nyoosha kidole gumba juu: kishimo kinatokea kwenye shina lake, pale pale wanusaji wanapoweka ugoro. Mtu aliyeangukia kiganja akibonyezwa hapo akaruka, ahesabiwe amevunjika hata picha ikiwa safi. Skafoidi inahitaji picha nne za pembe tofauti, na bado za siku ya kwanza zinaweza kukosa hadi mvunjiko mmoja kati ya mitano. Ubaya wake uko kwenye damu, ambayo huingia mfupani hasa kutokea upande wa vidole. Ukikatika katikati, kipande cha upande wa kiwiko kinabaki na kiu, na kinaweza kufa.

Dawa ni subira yenye tarehe. Afungwe P.O.P. (plasta ngumu) au kigango (banzi la kushikilia mkono), arudi baada ya siku 10 hadi 14. Kwa muda huo mwili unakuwa umekula kingo za ufa, na mstari ambao haukuonekana unapanuka. P.O.P. ivuliwe kabla ya kupiga picha, maana plasta nayo hufunika ufa mwembamba. Bado anaumia na picha bado safi? Apigwe CT scan au MRI, vipimo vinavyoona zaidi ya eksirei.

Watoto wana mtego wao. Sehemu ya mfupa inayokua ni gegedu, kwa hiyo hutoka kama mstari unaoonekana mweusi kando ya mfupa mweupe hata kwa mtoto mzima wa afya, na mvunjiko unaweza kupita humo humo. Mtoto aliyeanguka kutoka mparachichi, kiwiko kikiwa kimevimba, kwenye picha nyuma ya kiwiko ukiona kivuli cheusi cha mafuta kilichosukumwa nje, jua kuna damu ndani ya kiungo ingawa ufa wenyewe huuoni.

Kichwani eksirei haionyeshi damu ya ubongo. Mwiba wa mgunga uliokatikia mguuni nao haionyeshi, ilhali kipande cha chupa kwa kawaida huonekana. Mwiba utafutwe kwa ultrasaundi.

Halafu kuna picha tunazozipiga bure. Kwa kifundo cha mguu, madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni mwaka 1992: mtu mzima ambaye hajalewa, akiweza kutembea hatua nne mwenyewe, ama pale pale alipoumia ama mbele ya daktari, na asiumie akibonyezwa sentimita 6 za mwisho za ukingo wa nyuma wala ncha ya mifupa inayotokeza pande mbili za kifundo, hahitaji picha ya kifundo. Wagonjwa wetu wengi wataona wamedharauliwa. Waelezwe.

Fomu ya eksirei iliyoandikwa "mkono, maumivu" haimsaidii mpiga picha. Iandikwe: "Ameangukia kiganja jana, anaumia kishimo cha gumba la kulia, naomba picha za skafoidi." Kwenye cheti cha mgonjwa iandikwe "sioni mvunjiko kwenye picha ya leo", na tarehe ya kurudi chini yake. Na shangazi aambiwe mafuta yasubiri.